Mkono Uliovimba: Je, Umevunjika?

Leo tunazungumza juu ya mifupa na viungo.

Mtu ameanguka na boda boda pale Kondele, au ameteleza ufuoni Dunga akiwa amebeba samaki. Amejikinga kwa kiganja, na sasa kifundo cha mkono kinauma. Wengi husema, "Vidole vinacheza, basi hakuna kilichovunjika." Sivyo. Mfupa unaweza kuvunjika na vidole bado vikacheza.

Inua kidole gumba juu. Utaona kishimo kidogo chini yake, karibu na kifundo. Ukikibonyeza na kikauma, huenda mfupa mdogo ulio hapo umevunjika. Mfupa huo hupata damu yake nyingi kutoka upande mmoja tu. Ukipuuzwa, sehemu yake inaweza kufa na mkono usirudi kuwa na nguvu.

Hospitalini, kwa mfano kule Jaramogi Oginga Odinga, ambako wengi wetu twaita Russia, daktari hupapasa kwanza, kisha huagiza eksirei. Picha hupigwa zaidi ya upande mmoja, kwa sababu ufa uliojificha mbele huweza kuonekana kutoka kando. Hata hivyo, ufa wa mfupa huu mdogo huenda usionekane siku ya kwanza. Basi daktari akikufunga ingawa picha ni safi, na kukuambia urudi baada ya siku 10 hadi 14, usidhani pesa zako zimepotea. Rudi.

Na mtoto je? Huku kwetu kando ya ziwa, ugonjwa wa selimundu ni mwingi. Mtoto mdogo akivimba viganja na nyayo bila kuanguka, mpeleke apimwe damu. Eksirei peke yake haitoshi. Akiwa na homa, usingoje kesho.

Kabla ya kufika hospitali, mkono usikandwe wala usivutwe. Uegemeze kwenye ubao au kadibodi, ufunge bila kukaza. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza kitambaa na ukimbilie hospitali, hata kama ni usiku.

Kumbuka, msikilizaji: picha safi na maumivu yasiyoisha haviendi pamoja. Rudi ukaangaliwe tena.

Hadi wakati mwingine, kwaheri.