Ufunguo Kwanza

Je, mlevi asiye na makao apewe nyumba kabla hajaacha pombe? Wengi wetu tungesema aache kwanza. Mwaka 2008 serikali ya Ufini, kaskazini mwa Ulaya, iligeuza hesabu hiyo: ufunguo kwanza, kisha msaada. Isaya 58 yatuagiza kumleta maskini nyumbani, wala haitaji kumpima pumzi.

Mjini Helsinki, Jeshi la Wokovu lilikuwa na bweni la watu wa namna hiyo. Mwaka 2012 lilikuwa limegeuzwa nyumba ndogo zipatazo 80, kila mpangaji na mkataba wake na mlango wake. Pombe haikumfukuzisha mtu. Jambo gumu hilo kwa watu wa kanisa! Wahudumu walikaa papo hapo jengoni, wakimngoja atakayewaita.