Macho ya Watoto Wachanga na Hesabu ya Maradhi Mjini Kitale

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimetakiwa kusema juu ya maradhi ya kuambukiza katika mji wetu. Baadhi yake hayahitaji mpiga mbiu. Kipindupindu kikiingia mtaani, habari huenea kabla ya jua kuchwa. Mimi nitasema juu ya ugonjwa usiopigiwa kelele, nao ni macho ya mtoto mchanga yanayovimba na kutoka usaha.

Wenye kuogopwa zaidi ni ule utokanao na kisonono, na wa pili ni wa klamidia. Mtoto huambukizwa na mamaye wakati wa kuzaliwa. Usaha wa kisonono huonekana kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya tano. Wa klamidia hukawia, pengine hata wiki mbili. Ule wa kisonono ni mkali mno: waweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi, mtoto akawa kipofu kabla ya kutimiza arobaini yake.

Ni wangapi hupatwa? Katika miaka ya 1980 watafiti walihesabu katika hospitali moja ya uzazi Nairobi, wakati watoto walipokuwa hawatiwi dawa ya macho. Taarifa yao ya mwaka 1986 ilionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 36 walipatwa na ugonjwa wa kisonono machoni, na 81 wa klamidia. Kisha marhamu ya tetrasaiklini ikajaribiwa, na taarifa ya 1988 ikasema kuwa ugonjwa wa kisonono machoni ulipungua kwa asilimia 93. Angalieni: hesabu ilitangulia, dawa ikafuata.

Hapa kwetu mtoto azaliwaye hospitalini huingia daftarini. Yule azaliwaye nyumbani, Kipsongo au Matisi, akakamuliwa maziwa ya mama machoni na kuachwa, haingii popote. Hesabu ya mji basi huwa ndogo kuliko maradhi yenyewe.

Najua kinachofunga midomo. Kulitaja jicho la mtoto ni kuwataja baba na mama, nao wote wawili hawana budi kutibiwa. Jambo hili halisemwi mbele ya wakwe, wala sidai lisemwe. Muuguzi ataandika jina kwa ajili ya matibabu, lakini taarifa ya mwezi itokayo zahanati hubeba idadi, haibebi majina.

Basi naleta ombi mbele ya Kamati. Kila mzee wa mtaa na ajuane na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, na wakunga wa nyumbani waelezwe kwamba mtoto mwenye usaha machoni apelekwe hospitali siku ile ile. Nauli ya mama asiye na kitu itoke katika mfuko wetu wa misaada, ambao hulipia safari za maiti bila mjadala.