Tupokezane Pumzi

 

Katika jubilii hii namkumbuka mama mmoja wetu wa soprano. Machi 2020 shule zilifungwa, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Hapa Isiolo mama huyu akawa mwalimu wa watoto wake watatu, kila mmoja na darasa lake. Mbuzi walingoja malisho, sukuma wiki ilingoja maji, na mitungi ilikuwa foleni. Tukimpigia simu alijibu, “Niko sawa tu.”

Siku moja akasema, “Nimelemewa. Nani atanifundishia hesabu?” Mwalimu mmoja wa besi akawa anawasomesha watoto kwa simu kila jioni. Jirani wa alto akachunga mbuzi wa nyumba zote mbili. Alitaja shida yake waziwazi, nasi tukajua pa kushika.

Hata Musa, katika Kutoka 18, aliamua kesi za watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, mpaka Yethro mkwewe akamwonya kwamba atachoka, na watu watachoka naye. Ndipo akagawa kazi.

Wanakwaya, noti ndefu hatuimalizi kwa pumzi moja. Mmoja akivuta pumzi, wengine hushikilia, na wimbo haukatiki. Mama, baba, ukiishiwa pumzi, sema. Nasi tukisikia, tushikilie.

Mungu awabariki.