Kompyuta ya Muziki Nyumbani: Pesa Iende Wapi



Nimeombwa nieleze namna ya kuchagua vipuri vya kompyuta yenye kazi moja tu: kutunza muziki wa nyumbani na kuupiga. Wengi wenu mna maboksi ya kanda uvunguni, taarabu na dansi, nyingine wazee wenu walizirekodi redioni, na mnataka ziingie mahali pamoja kabla utepe haujaanza kunata. Mashine yangu ya kwanza niliiunda vibaya, kwa hiyo nianze na ubaya huo.

Nilimwendea muuzaji nikamwambia nataka kompyuta ya muziki. Akanifungia ya kuchezea gemu: kasha refu, feni nne, kadi ya picha ambayo muziki hauna haja nayo, na taa zinazobadilika rangi. Ilikula wati 60 hata ikiwa haina kazi. Wati 60 usiku na mchana ni uniti 43 za LUKU kwa mwezi, na mteja mdogo mwenye bei nafuu hatakiwi kuvuka uniti 75. Friji, taa na pasi vikabaki kugombania uniti 32. Tena niliiweka sebuleni. Kila fidla ilipobaki peke yake, feni ziliitikia.

Simlaumu muuzaji. Mimi ndiye niliyeanza na mashine kabla ya kuupima muziki wenyewe.

Muziki una uzito gani

CD hubeba biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, njia mbili. Hiyo ni kama megabaiti 10.6 kwa dakika. Ukiibana kwa FLAC, ambayo haitupi hata chembe ya sauti, hubaki nusu au zaidi kidogo. Chukulia megabaiti 350 kwa CD: terabaiti moja itabeba zaidi ya CD 2,500. Mwenye CD 2,500 hapa ndani anyooshe mkono.

Kanda zina hesabu yake. IASA, chama cha kimataifa cha watunza kumbukumbu za sauti, hushauri biti 24 na kilohezi zisizopungua 48, na 96 kwa hifadhi ya kudumu. Kwa 96, kanda ya dakika 60 hufikia gigabaiti 2 kabla ya kubanwa. Hapa msiitegemee sana FLAC, kwa sababu mvumo wa kanda hauna mpangilio, na kisicho na mpangilio hakibaniki. Kanda 400 zitengeeni terabaiti nzima. Santuri za 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, ni nyepesi: sauti ni ya njia moja na upande mmoja una dakika tatu hivi, yaani megabaiti 50 na ushee. Santuri mia zinaenea kwenye flashi ya gigabaiti 16.

Sasa angalieni upande wa kupiga. Faili la biti 24 na kilohezi 96 linahitaji megabiti 4.6 tu kwa sekunde. Diski ya kawaida hutoa zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Muziki, ndugu zangu, ni mzigo mwepesi mno kwa kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita.

Prosesa na RAM

Kwa hiyo hapa sikai sana. Tafuteni visanduku vidogo vya ofisini vinavyokuja mtumba: ThinkCentre Tiny, EliteDesk Mini, OptiPlex Micro. Chenye prosesa kama Core i5-6500T kitafanya kazi yote na kitasinzia kwenye wati kumi hivi, yaani uniti saba kwa mwezi. Anayetaka kipya aulizie Intel N100 ya mwaka 2023. Hutumia umeme kidogo kiasi kwamba baadhi ya makasha yake hayana feni kabisa. RAM ya gigabaiti 4 inatosha, 8 ni anasa.

Raspberry Pi ni nzuri, ila naona watu wakiiwasha kwa chaja ya simu kisha wanalalamika kwamba diski inapotea. Pi 4 inataka ampea 3, na milango yake yote ya USB kwa pamoja haitoi zaidi ya ampea 1.2. Diski mbili za kuzunguka zikianza kwa mpigo, moja itaanguka. Tena mfumo wake kwa kawaida hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi hizo hazipendi umeme ukatike ghafla.

Umeme

Hapa ndipo pesa iende kwanza. Diski yangu ya terabaiti 2 ilikufa jioni moja umeme ulipokatika, ukarudi, ukakatika tena ndani ya dakika moja, huku ikiendelea kuandika. Humo mlikuwa na kanda 60 za marehemu mjomba wangu, na 11 kati ya hizo nilikuwa nimeshazirudisha kwa wenyewe.

Nunueni UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, hata ndogo. Kisanduku cha wati 10 mpaka 15 hakiichoshi. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7 ikiwa nzima itakibeba zaidi ya nusu saa. Lakini geuzeni UPS hiyo mtazame mgongo wake kabla ya kulipa: iwe na mlango wa USB. Waya huo ndio unaoiambia kompyuta kwamba betri inakwisha, nayo ijizime kwa utaratibu. Zisizo na mlango huo huwasaidia tu wale walio karibu kukimbilia kitufe.

Kisha ingieni kwenye mipangilio ya ubao mama, uambieni uwake wenyewe umeme unaporudi. Na kama ni mtumba, badilisheni betri ya duara ya CR2032. Ikiwa imekufa, ubao unaweza kusahau agizo hilo siku ileile umeme unapokatika. Mkishafungua kasha, pulizeni vumbi na mpake upya ile dawa ya joto kati ya prosesa na kipozaji. Mara nyingi imekauka kama chokaa. Joto la Dar es Salaam na chumvi ya pwani havisamehe.

Diski

Mfumo ukae kwenye SSD ndogo, muziki ukae peke yake. Siku mfumo ukiharibika mnaufuta bila kugusa wimbo hata mmoja. Jihadharini na unene: diski za kuzunguka za inchi 2.5 zenye terabaiti 4 au 5 zina milimita 15, ilhali nafasi ndani ya visanduku nilivyovitaja kwa kawaida ni ya milimita 7. Nimeona mtu akiikandamiza kwa goti. Ndani wekeni SSD, au ya kuzunguka isiyozidi terabaiti 2; kubwa ikae nje kwa USB.

Na ziwe mbili, si moja. Ya kwangu ya pili ipo Morogoro kwa dada yangu, na tunabadilishana kila Idi. Kuziweka zote mbili ndani ya kisanduku kimoja si kuwa na nakala mbili, kwa kuwa mwizi hachagui. FLAC ina faida nyingine hapa: kila faili hubeba alama ya kuhakikia sauti yake, na programu yake inaweza kupita usiku kucha ikikagua lipi limeoza. Fanyeni hivyo kabla ya kunakili. Vinginevyo mtapeleka uozo Morogoro.

Sauti yenyewe

Usitumie tundu la sauti la kompyuta kama unasikia mikwaruzo ya umeme spikani. DAC ndogo ya USB, yaani kifaa cha kugeuza namba za faili kuwa sauti, kinachokaa nje ya kasha, huiondoa mara nyingi. Mtakutana na wauzaji wa waya wa SATA wa muziki na SSD ya muziki kwa bei ya mbuzi watatu. Faili likifika sawa limefika sawa; waya hauongezi zumari. Pesa hiyo inunue spika.

Kwa programu, mimi natumia Debian na Lyrion Music Server, ambayo wakongwe wanaijua kwa jina la Logitech Media Server kabla haijabadilishwa mwaka 2024. Ni ya bure, na simu ya mtu yeyote nyumbani huwa rimoti.

Mashine ninayoizungumzia ipo meza ya nyuma, imewashwa tangu saa mbili asubuhi. Wakati wa chai pitieni mweke mkono juu yake, na mwenye kanda aliyokuja nayo aniachie kabla ya saa saba.