Sataranji: Programu Isiyofichwa

Mwaka 2004 Tord Romstad wa Norway alitoa programu huria ya sataranji: maandishi yake ya ndani yalikuwa wazi kwa kila mtu kuyasoma na kuyabadilisha. Mwaka 2008 Marco Costalba wa Italia aliiendeleza, akaiita Stockfish, yaani ng'onda: samaki aliyekaushwa Norway, akapikwa Italia.

Tangu 2013, badiliko linalopendekezwa hupimwa kwa maelfu ya michezo katika kompyuta za watu wa kujitolea. Lisilothibitishwa na matokeo hukataliwa, awe mtunzi wake nani.

Anayesambaza programu iliyotokana nayo sharti atoe na maandishi yake. Mwaka 2021 watunzi waliishtaki kampuni ya Ujerumani, ChessBase, wakidai imelivunja sharti hilo. Mwaka 2022 wakapatana. Cha wote nacho kina sheria zake.