Uvimbe Kunywea Si Kupona

Juma hili tuzungumze juu ya mtoto aliyevimba jicho.

Wengi wao huwa na jipu tu, au wameumwa na mdudu. Lakini wachache, tena wachache mno, huwa na saratani iitwayo rabdomaiosakoma. Jina refu, ugonjwa adimu. Huanzia katika chembe ambazo zingekuja kuwa misuli, na mara nyingi hutokea kichwani au shingoni: nyuma ya jicho, ndani ya pua, sikioni. Jicho husukumwa nje kwa majuma machache tu, na pengine haliumi. Hapo ndipo mzazi anapotulia.

Zamani madaktari waliondoa jicho zima na nyama zote zilizolizunguka. Utafiti ulioanza Marekani mwaka 1972, hospitali nyingi zikishirikiana, ulisaidia kubadili mambo. Siku hizi mpasuaji hukata kipande kidogo kikapimwe maabara, kisha kazi kubwa huachiwa dawa na mionzi. Dawa mojawapo, vinkristini, asili yake ni ua la Madagaska ambalo wengi wetu tumelipanda uani bila kujua. Saratani ikiwa nyuma ya jicho peke yake, watoto wengi hupona na jicho lao likabaki, ingawa mionzi huweza kuliachia mtoto wa jicho. Ikisogea kwenye utando wa ubongo, vita huwa vigumu zaidi.

Sasa lipo jambo linalonikera. Dawa za mwanzo zikiingia, uvimbe huweza kunywea upesi. Baba anafurahi, mama anawakumbuka watoto aliowaacha nyumbani, fedha ya nauli inazidi kupungua. Wanafunga virago. Kumbe matibabu kwa kawaida ni ya miezi sita hadi mwaka, na ndani yake mionzi ya takriban majuma matano, siku tano kila juma. Chembe zilizosalia hazionekani kwa macho. Zikiota tena, huenda dawa zile zile zisizitishe.

Siwalaumu wazazi. Mtu aliyetoka Songea kumleta mwanawe Ocean Road, Dar es Salaam, atalala kwa nani majuma yote hayo? Aelezwe siku ya kwanza kabisa, kwa Kiswahili chepesi, kwamba uvimbe utatangulia kuondoka na ugonjwa utabaki nyuma. Kisha aulizwe habari ya malazi na nauli, kabla hajaulizwa kwa nini alitoroka.