Taya Lililofunga si Uchawi



Nataka tusemezane juu ya ugonjwa unaofichwa majumbani: mtoto kufunga taya. Wengine husema amelogwa. Wengine, kwa kuwa maji ya huku Momela yana floridi nyingi na yametutia meno rangi ya kahawia, husema ni maji. Maji hayo yana madhara yake, nasi hatutanyamaza juu yake. Lakini taya kwa kawaida hufungwa na mambo mengine.

Tazameni bawaba ya mlango. Taya nalo lina bawaba mbili, moja mbele ya kila sikio. Mtoto akianguka mtini akapiga kidevu, mfupa wa bawaba huweza kuvunjika, damu ikaingia kiungoni. Sikio litokalo usaha bila kutibiwa nalo huweza kuharibu kiungo hicho. Kisha mfupa mpya huota polepole, hata taya likashikamana na fuvu. Pepopunda huja kwa siku chache. Huu huja kwa miezi. Mtoto hubaki kunywa uji, meno huoza, kidevu hakikui, usiku hukoroma na kukosa pumzi.

Dawa ya kuchua haiondoi mfupa. Wala msimpanue kinywa kwa kijiti: mtavunja meno, mfupa utabaki. Tiba yake ni kupasuliwa. Daktari hukata mfupa ule, huacha nafasi, na mara nyingi huweka nyama katikati ili usiungane tena. Kwa kuwa kinywa hakifunguki, mpira wa kupumulia hupitishwa puani; hiyo ni kazi ya hospitali kubwa kama Muhimbili. Anzeni hospitali ya Mount Meru, mjini Arusha, mpate barua ya kupelekwa mbele.

Tena kupasuliwa ni nusu ya kazi. Baada ya siku chache mtoto lazima azoezwe kufungua kinywa, mara nyingi kila siku, kwa miezi mingi. Atalia, nanyi mtamwonea huruma. Mkiacha, mfupa hurudi.

Basi leo jioni kila mzazi ampime mwanawe. Vidole vitatu vya mtoto mwenyewe, vikipangwa kusimama, viingie kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, msingoje. Na jirani asiye na nauli tumchangie, kama tunavyochangia arusi na matanga.